Kaseti za zamani: maswali yenu, majibu yangu

Wiki hii walioandika ni watu wa parokia, shule na kwaya za hapa Goma, wote wako na makartoni ya kaseti zisizojulikana nani aliziacha.

*Kaseti zetu za kwaya ziko na ukungu mweupe, tunaweza kuzicheza tu?*

Hapana mama, hata dakika moja! Ukungu unaingia kwa mashini na mashini inaupeleka kwa kaseti zilizo safi. Zitenge, zikauke penye hewa, kisha pangusa ukiwa nje na maski kwa pua. Na kaseti yoyote, mbele ya kuicheza, vunja vile vijino viwili vya mgongoni, njo mashini haitarekodi juu yake, nilisha ona mtu alikosea buto akarekodi kelele za barabara juu ya mahubiri ya marehemu padri.

*Bande yetu kubwa ya 1978, ile ya kuzungushwa kwa magurudumu mawili, inalia kwii kwii na inaacha uchafu wa kahawia kwa kichwa cha mashini, kile chuma kinachosoma sauti. Imekufa?*

Bado papa, lakini isimamishe. Bande mingi za miaka ile gundi yake inakunywa unyevu wa hewa, njo inanata. Mafundi wanaipasha moto wa digri 50 hivi, masaa nane ao zaidi, ndani ya mashini yenye joto lisilopanda na kushuka, halafu wanakopi mbio mbele haijanata tena. Mbabula hapana! Na kama inanuka siki, ule ni ugonjwa mwingine kabisa, moto utaimaliza.

*Tukiingiza kaseti kwa kompyuta, MP3 haitoshi?*

Ya kutumiana WhatsApp, sawa. Ya kutunza ni WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kwa biti 24 na kilohezi 96 (vipimo vya ubora wa sauti), saa moja inakula nafasi ya giga 2 hivi. Kama muko na kaseti 300 za dakika 90, ni masaa 450, karibu tera moja, na hakuna njia ya mkato juu kaseti inacheza kwa mwendo wake, masaa tano kwa siku ni siku 90 kama umeme uko. Sauti ikiwa kama mtu anaongelea ndani ya pipa, zungusha kidogo kidogo skrubu ya kichwa mpaka "s" ifunguke, na urudilie kwa kila kaseti.

*Kisha tutupe kaseti?*

Aa-aa! Na kopi zisilale zote Goma, volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji 2002, ikarudi 2021 ikaishia mlangoni. Moja ipeleke Bukavu. Halafu chukua simu, wasikilizishe wamama wa kwaya ya zamani, uandike nani anaimba wangali wanatambua sauti.