Fundi Anajibu: Romu ya Kuweka Mwenyewe Kwenye Android, Utaponya Simu au Utaiua?

Haya jamani, sanduku la maswali limejaa na karibu yote yanazunguka palepale, simu ya zamani haipati apdeti, mtu kasikia kuna romu, anataka kujua akiflashi (akiiweka kwenye simu) itakuwaje. Kwa mgeni wa haya mambo, romu hapa ni mfumo endeshi mzima wa Android uliotengenezwa na watu wengine, sio kampuni iliyokuuzia simu, unafuta ule uliokuja nao unaweka huo. Nimechagua maswali yenye nyama, mengine yamejirudia msione nimewaruka.

Shikamoo fundi. Simu yangu apdeti ya mwisho ya usalama ni ya 2021 na iko Android 10. Rafiki yangu ananishawishi niweke romu ya LineageOS, lakini kaka yangu anasema hao watu wa mtandaoni wataniibia kila kitu. Nani mkweli?

Marahaba. Wote wawili wana ukweli ila kila mmoja kashika kipande chake.

Tuanze na rafiki yako. Google imekuwa ikitoa taarifa za mianya ya usalama ya Android tangu Agosti 2015, sasa fikiria, ule mwanya ukishatangazwa kila mtu anausoma, mwema na mwizi, na kwenye simu yako iliyogandia 2021 haujazibwa na hautazibwa. Kwa hiyo ukisema "nabaki na mfumo wa kampuni ndo salama" unajidanganya kidogo, huo mfumo ulishaachwa porini.

Na hao LineageOS sio watu wa jana. Walianza kama CyanogenMod 2009, ile ikafa mwishoni mwa 2016 wakaiendeleza kwa jina hili jipya. Kodi yao (maandishi ya programu, sio kodi ya serikali) iko wazi, yeyote anaisoma, na romu zao wanazisaini kwa funguo zao, yaani muhuri wa siri unaoonyesha romu imetoka kwao kweli. Mwaka 2020 mwezi wa Mei seva zao ziliwahi kuvamiwa kweli, wavamizi walipitia mwanya kwenye programu ya kusimamia seva inaitwa Salt, LineageOS wakazizima seva wakatangaza wenyewe, na zile funguo za kusaini hazikuguswa kwa sababu zilikuwa zimewekwa kwingine kabisa. Mimi hiyo habari ndo iliniongezea imani kuliko maneno yote ya kujisifu.

Sasa kaka yako. Ili uweke romu lazima ufungue butiloda, yule mlinzi anayesimama mlangoni simu inapowaka akikagua kama mfumo una saini anayoijua. Ukimfungua ndo umemwambia apishe yeyote. Wakati wa kumfungua data zote zinafutika (bakapu kwanza tafadhali, nisije nikasikia kilio cha picha za mtoto), halafu kila ukiwasha simu unaletewa onyo kwamba kifaa hiki hakiaminiki, utalizoea. Hatari yenyewe haitoki intaneti sana, inatoka kwa mtu mwenye simu yako mkononi na kebo. Data zako bado zimefungwa kwa PIN, hazisomeki kirahisi, lakini anaweza kukuchomekea kitu kwenye mfumo kisha akakurudishia simu, we ukaingiza PIN yako mwenyewe ukamfungulia.

Na kuna kitu watu hawaambiwi. Romu inaziba mianya ya Android yenyewe, lakini zile programu ndogo za chipu, za modemu, za kamera, zinatoka kwa watengenezaji wa chipu na kampuni ya simu, na hizo zikiachwa hakuna romu itakayozifufua. Nenda kwenye LineageOS, mipangilio, kuhusu simu, gusa toleo la Android, utakuta tarehe mbili za usalama, moja ya Android ya juzijuzi, nyingine ya mtengenezaji bado imeganda miaka ile. Hiyo ya pili ndo inakuambia ukweli wa simu yako.

Jibu langu kwako, kama ni simu ambayo haitoki mikononi mwako na huna siri za nchi humo, LineageOS rasmi ni bora kuliko kubaki ulipo. Kama unaogopa mtu wa karibu yako kukuchezea simu, fikiria mara mbili.

Fundi nimepata romu Telegram, jamaa kaitengeneza peke yake, ina kila kitu na inasemekana ni laini kama siagi. Sio rasmi lakini wengi wanaisifia. Nijilipue?

Wanaosifia wanakuambia simu ni nyepesi, hawakuambii kama ni salama, na hata wao hawajui.

Nisikilize kwenye hili moja maana watu wanaliruka. Ile kodi ya wazi ya Android inakuja na funguo za majaribio ambazo ziko hadharani, kila mtu duniani anazo. Mtengenezaji mvivu anajenga romu anaisaini kwa hizohizo funguo. Matokeo yake yeyote akitengeneza programu akaisaini kwa funguo hizo, ukiisakinisha simu inaweza kuichukulia kama mtoto wa nyumbani na kuipa ruhusa za mfumo. Ni sawa na kufunga geti kwa kufuli ambalo funguo zake zimetawanywa mtaani. Kaangalie namba ya toleo kwenye kuhusu simu, ukiona maneno test-keys jua ndo hiyo. Ila usipoyaona usishangilie sana, yale ni maandishi tu na mtu anaweza kuyabadili.

Cha pili uliza SELinux ikoje. Hiyo ndo inayozuia programu moja isiingie chumba cha mwenzake, na baadhi ya watengenezaji wakishindwa kurekebisha kitu, labda kamera au sauti inagoma, wanailegeza yote ili mambo yaende. Romu inayotangazwa imelegezwa SELinux mimi siigusi hata kama inaruka angani. Zile romu zilizojengwa juu ya LineageOS huwa mara nyingi zina sehemu inaitwa Trust kwenye mipangilio, inakuonyesha haya mambo pamoja.

Sisemi kila kisicho rasmi ni takataka, kuna watu wanajenga kwa uaminifu mkubwa na kodi wanaiweka wazi. Muulize jamaa kodi yake iko wapi na anasaini kwa funguo gani. Akikasirika ushapata jibu.

Kaka fundi, mi nina Redmi Note 8, jirani ana Redmi Note 8 Pro na romu yake inafanya kazi vizuri sana. Si naweza kuchukua faili lake nikaflashi kwangu? Simu ni zilezile.

Simama hapohapo usiguse kitu!

Sio zilezile. Note 8 yako ndani inaitwa ginkgo, ina chipu ya Snapdragon 665. Ya jirani inaitwa begonia na chipu yake ni MediaTek Helio G90T. Majina yanafanana kwa sababu ya biashara, ndani ni viumbe viwili tofauti kabisa. Halafu kuna Note 8T nayo, inaitwa willow. Haya majina ya ndani ndo unayotakiwa kuyatafuta, sio jina la kwenye boksi. Ingiza simu kwenye modi ya fastibuti (hali ya kupokea amri za kompyuta kabla mfumo haujawaka), chomeka kompyuta, andika fastboot getvar product, itakujibu yenyewe.

Nakwambia haya kwa uchungu. Niliwahi kuwa na simu ambayo ilitoka aina mbili, ya laini moja na ya laini mbili, nje huwezi kuzitofautisha hata ukizilaza pamoja. Usiku, usingizi unanivuta, nikachukua kifurushi cha modemu cha ile nyingine nikaflashi. Ikawaka vizuri, nikafurahi, rangi nzuri, kila kitu kinateleza. Asubuhi hakuna mtandao. Nikabonyeza *#06#, ikaniletea IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya sifuri tupu, sifuri kumi na tano zimejipanga. Bakapu ya ile sehemu inayotunza IMEI sikuchukua kwa sababu nilijiona mtaalamu. Nilihangaika siku tatu nikasalimu amri, mpaka leo kazi ya hiyo simu ni kupiga muziki kwa waifai.

Kuhusu MediaTek kwa ujumla, wenye simu hizo mtaona romu ni chache, na sio uonevu. Leseni ya kaneli ya Linux, ule moyo wa Android, inataka kampuni iachie kodi yake, kampuni nyingi zinazotengeneza simu za chipu hizo zinachelewa au zinatoa nusunusu, mtengenezaji wa romu anabaki anapapasa gizani. Tangu Android 8 ya 2017 kuna mpango wa Treble unaotenganisha Android na vitu vya chipu, ukaleta zile romu za jumla zinazowaka kwenye simu nyingi tofauti. Zinawaka kweli, lakini kuwaka sio kukamilika, utakuta alama ya kidole haisomi au simu za VoLTE (za kupigwa kupitia 4G) hazipiti. Za kujaribia sawa, za kutegemea hapana.

Nimeweka romu, iko poa, ila programu ya benki imekataa kufunguka na filamu za Netflix zimekuwa na ukungu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ndo gharama yake, ungeambiwa mapema tu.

Programu za benki nyingi zinaiuliza Google, hii simu ni nzima? Zamani kulikuwa na SafetyNet, siku hizi ni Play Integrity, inajibu kwa ngazi, na simu yenye butiloda wazi inafeli zile za juu kwa sababu jibu linatoka kwenye chipu yenyewe. Kila benki inaamua inataka ngazi gani, ndo maana utaona ya mwenzako inafunguka yako inagoma kwenye romu ileile. Wapo wanaoruti simu (kujipa mamlaka yote ya mfumo) na kuweka moduli za kudanganya, inafanya kazi wiki mbili, Google wanaziba, wanatafuta nyingine, paka na panya. Mi sikushauri, yaani uruti simu, umpe mtu usiyemjua mamlaka yote ya mfumo, ili ufungue programu ya pesa zako? Hapana bwana. Tumia tovuti ya benki kwenye kivinjari kama ipo, au weka benki kwenye simu nyingine. Na kama una simu moja tu na maisha yako yote ya pesa yamo humo, usianze kabisa hii safari.

Netflix ni Widevine, kile kinacholinda filamu zisinakiliwe. Simu ambayo haijaguswa mara nyingi inakuwa ngazi ya L1, baadhi ya simu butiloda ikifunguliwa zinashuka L3, na hapo unapewa picha ya ubora wa chini. Romu haihusiki, hata ukibadilisha kumi.

Samsung yangu nikiweka romu nikachoka, nikirudisha mfumo wake si inakuwa kama mpya?

Mfumo utarudi ila Knox, ulinzi wa Samsung wenyewe, hairudi. Kuna fyuzi ndani ya chipu, ukiflashi kitu kisicho chao inaungua, hesabu inatoka 0x0 inaenda 0x1 na hakuna programu ya kuirudisha. Samsung Pay na Secure Folder ndo kwaheri, ya moja kwa moja. Na wenye Huawei mnaoniandikia, kampuni iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda 2018, kwa hiyo simu zilizofuata msipoteze muda, na msimlipe mtu anayewaahidi muujiza.

Nikimaliza kuweka romu nifunge tena butiloda ili iwe salama?

Wazo zuri ambalo limeua simu nyingi. Ukifunga, mlinzi anarudi kazini, anakuta mfumo una saini asiyoijua, anakataa kuwasha. Unataka kufungua tena, ruhusa yenyewe kama ilizimwa iko ndani ya mipangilio, na mipangilio huifikii kwa sababu simu haiwaki. Umejifungia nje na funguo ziko ndani.

Wanaoweza kufunga kwa amani ni hasa wenye Google Pixel wanaotumia romu ya GrapheneOS, maana Pixel inakubali umkabidhi mlinzi funguo za romu yako, halafu unafunga kwa kufuata maelekezo yao hatua kwa hatua. Kama usalama ndo kiu yako kuu kuliko kufufua simu ya zamani, njia ni hiyo. Ila wenye Pixel 6 kuweni macho, ikishapanda Android 13 ya 2022 haishuki tena 12, butiloda inakataa, sasa usije na faili la zamani.

Fundi nakuandikia jasho linanitoka, naflashi sasa hivi kwa adb sideload (kusukuma faili la romu toka kompyuta kwa kebo), kompyuta imegandia 47% na haiendi mbele. Nichomoe kebo?

USICHOMOE. Hiyo 47 ni maarufu, mara nyingi kazi imeshaisha na kompyuta ndo haijui kuhesabu, wengine inawaandikia hata neno la kufeli na mbele yake Success, utadhani inakutania. Tazama skrini ya simu, sio ya kompyuta. Rikavari, ile skrini ya simu ya kusakinishia mfumo, ikisema imemaliza, rudi kwenye menyu, weka na vifurushi vya Google (Play Store na wenzake) sasa hivi kama unavitaka, kabla hujawasha mara ya kwanza, ukiwasha kwanza italazimu ufute tena uanze upya. Halafu washa. Logo itazunguka muda mrefu mara hii ya kwanza, usiguse kitufe cha kuzima hata mkono ukikuwasha, ukiona imepita nusu saa bado inazunguka ndo uniandikie tena, na safari hiyo uniambie jina la ndani la simu.