Maswali ya Wasomaji: Nimeitwa Chuo Kikuu Nikahadhiri, Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, nakausha dagaa kwa vichanja, yaani nyavu zilizoinuliwa juu ya nguzo, hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, huu ni mwaka wa tisa. Juma lililopita nilipigiwa simu na mhadhiri wa chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, ambaye aliwahi kupita mwaloni akaona kazi yangu. Anataka nikazungumze na wanafunzi wake wa mwaka wa pili wa uvuvi, saa nzima. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Elimu yangu darasa la saba, Kiingereza sina, na slaidi nimeziona semina tu. Nifanyeje?
Mama wa Vichanja, Kibirizi

JIBU: Shikamoo mama. Hiyo “ndiyo” uliyomjibu usiirudishe. Vitabu vya samaki wanafunzi hao wanavyo. Wasiyekuwa naye ni mtu anayejua dagaa waliorundikwa kwenye kichanja wanakuwaje ifikapo saa nane mchana. Umeitwa kwa hilo.

Mpigie mhadhiri tena leo. Muulize wanafunzi ni wangapi, ukaushaji wamefundishwa hadi wapi, na kama juma hilo si la majaribio, maana juma la majaribio ukumbi huwa nusu, na waliokuja wanapitia madaftari ya somo jingine. Muulize na lugha. Vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza, lakini mgeni anaweza kuombewa azungumze Kiswahili. Kutafsiriwa sentensi kwa sentensi ukatae: dakika 40 zinabaki 20. Afadhali yeye asimame ubaoni aandike maneno ya kitaalamu kadiri unavyoyagusa.

Nauli, malazi na posho ziulize sasa hivi, bila haya. Nani analipa, lini, mkononi au benki? Omba barua ya mwaliko yenye tarehe, saa, ukumbi na malipo hayo. Vyuo vingine hulipa wiki kadhaa baadaye, na wewe huwezi kuufanya mtaji wa dagaa kuwa nauli. Ukija kwa treni, panga kufika siku moja nzima kabla.

Sasa mhadhara wenyewe. Saa nzima haina dakika 60: watu wanaingia, unatambulishwa, 10 zimekwenda. Panga kusema dakika 35 na kujibu maswali 15. Katika dakika 35 mambo matatu yanaeleweka, la nne linaharibu yote. Wageni wengi wanakwama hapahapa. Wanaanza na taa za wavuvi, wanapita bei ya mafuta, wanafika soko la Kongo, na lile waliloitiwa linasemwa watu wakiwa wanafunga mabegi. Wewe shika kukausha tu: kwa nini kichanja, nini kinaharibika, na hesabu yake.

La kwanza lionyeshe, usilihubiri. Chukua mifuko miwili ya dagaa, mmoja wa walioanikwa mchangani na mmoja wa kichanjani, na glasi mbili nyeupe zinazoonyesha ndani. Jaza maji, tia konzi moja moja, koroga, kisha waache wakae dakika mbili huku ukiendelea kuongea. Glasi ya kwanza itatulia na utando wa mchanga chini. Zipitishe mstari kwa mstari, kila mmoja aone kwa macho yake. Ndipo ueleze sababu. Mchangani dagaa anakauka upande wa juu tu, chini amelalia unyevu; kwenye wavu ulioinuliwa kama mita moja hewa inapita juu na chini. Wape na dagaa wa kuvunja kwa vidole. Aliyekauka sawasawa anakatika kwa mlio, aliyebaki na maji anapinda.

La pili wapelekee walioharibika, maana hao ndio wanaofundisha. Aliyecheleweshwa kuanikwa tangu alfajiri tumbo limepasuka. Aliyegeuka manjano mafuta yake yameanza kuchacha. Mwenye ukungu alifungwa kwenye gunia kabla hajakauka ndani.

La tatu lipime kabla hujasafiri. Pima kilo 10 za dagaa wabichi, waanike, wapime tena, andika saa ulizotumia na hali ya jua. Utapata kilo tatu hivi, kwa kuwa karibu robo tatu ya samaki mbichi ni maji. Rudia siku ya mawingu. Ongeza urefu wa kichanja chako, wavu mita ngapi, nguzo ngapi, kinabeba kilo ngapi kwa safu moja, na kilikugharimu shilingi ngapi. Namba hizo wanafunzi watazinakili zote, hazipo kwenye kitabu chao.

Slaidi si lazima. Ukipenda, piga picha 10 kwa simu, kijana akupangie, kila slaidi picha moja na maneno yasiyozidi sita. Mtumie mhadhiri kwa WhatsApp, nyingine weka kwenye flashi. Umeme ukikatika, glasi zako bado zinafanya kazi.

Usianze kwa kusema “mimi ni darasa la saba tu, mnisamehe”. Ukisema hivyo, kalamu zinawekwa chini. Salimia, inua dagaa mmoja juu, uliza: “Huyu alianikwa wapi?” Swali likiulizwa, lirudie kwa sauti kabla ya kujibu, walio nyuma hawakulisikia. Jiandae na mawili. Kwanza, dagaa wa Tanganyika na wa Victoria ni samaki tofauti kabisa: wenu ni wa ukoo wa sadini, wale ni wa jamii nyingine. Pili, watakuuliza ulivyoishi mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Jibu kweli, na hesabu. Likija la kemia, mwachie mhadhiri wao, kisha useme unachokiona mwaloni.

SWALI: Nafuga nyuki Sikonge, Tabora. Nimealikwa kuongea na wanachuo nusu saa. Naweza kuwapelekea mzinga wenye nyuki darasani?
Kijana wa Miombo

JIBU: Hapana, ndugu yetu, hata ukiwa umefunga mlango wa mzinga. Nyuki mmoja akidunga huacha harufu inayowaita wenzake, na ukumbi wenye milango miwili hautoi watu 100 kwa haraka. Tena yupo anayeweza kuzidiwa kwa kudungwa mara moja tu. Peleka mzinga wa magome uliokwisha kurinwa, bomba la moshi lililozimwa, na vipande viwili vya sega: kimoja kimezibwa kwa nta, kingine bado. Kitikise hicho kisichozibwa juu ya sahani, asali itadondoka. Hapo waeleze kwamba asali hiyo bado ina maji mengi na itachacha ikirinwa mapema. Kwa nusu saa hilo linatosha. Beba na kitambaa chenye maji, meza za watu zitanata.