Kwanza Msimamishe: Masuali Yenu ya Midoli ya Mieleka

Mwezi huu sanduku letu la masuali limejaa mieleka. Sijui ndo sikukuu imepita watoto wakarudi na midoli kutoka viwanja vya Idi, sijui ni baridi ya kipupwe watu wamekaa ndani, lakini masuali ya simu na ya baskeli yote nimeyatia pembeni, ntayajibu mwezi ujao inshallah.

SUALI: Assalaam alaykum. Ami yangu alokuwa akiishi Muscat karudi nyumbani kanletea boksi zima la midoli ya WWE, ile kampuni ya mieleka ya Marekani, kumi na nne kwa idadi. Mengine makubwa mazito ya mpira, mengine mafupi manene, mengine yana viungo kila pahala, na Undertaker mmoja mkono wake hauendi. Wenzangu maskani wananambia nshakuwa tajiri. Ntajuaje upi orijino upi feki, na upi mzuri? (Kijana wa Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam. Hao wenzako wa maskani usiwasikilize kwa sasa, kesho watakuomba mkopo. Fanya hivi, futa meza, itoe yote kumi na nne uisimamishe moja moja bila ya kuiegemeza ukutani. Mimi mdoli wa mieleka nnamuhukumu kwa miguu kabla ya kitu chengine chochote, mana mwanamieleka asoweza kusimama mwenyewe ana kazi gani, na utashangaa wangapi wazuri wa sura wanaanguka kifudifudi ukiwasha feni tu. Walosimama tia upande mmoja, waloanguka tia upande wa pili, halafu ndo tuanze kuwajua kina nani.

Wale wazito wa mpira, wa kama inchi 8, mkono ulivyo ndo ulivyo haukunjiki haunyooki, hao kama ni wenyewe basi ni wa kampuni ya LJN, walianza kutoka 1984 enzi hizo WWE bado inaitwa WWF, na humo ndo utamkuta Hulk Hogan, Andre the Giant, Roddy Piper, Iron Sheik. Wapindue utazame mgongoni, utaona limechapwa jina la Titan Sports, ndo kampuni ilokuwa na WWF wakati huo. Hawa hawavunjiki, unaweza kumrushia mwizi, ila rangi ndo maradhi yao, inaanza kutoka puani, kwenye vidole na nywele, na yule alokaa kwenye boksi akisuguana na wenzake miaka thelathini huwa kabaki na pua nyeupe kama kaangukia unga wa ngano. Ukimkuta LJN mwenye rangi kamili puani huyo mfunge kwenye kitambaa peke yake, leo hii, usingoje kesho.

Wafupi wanene wa plastiki ngumu, inchi 4 na nusu hivi, ni wa kampuni ya Hasbro, wa 1990 mpaka 1994. Hawa mimi ndo roho yangu nikiri. Kila mmoja kapewa mtindo wake, mwengine unamzungusha kiuno ukimwachia anarudi na ngumi, mwengine ukimbonyeza anaruka, Jake Roberts kaja na chatu wake kabisa. Ndani mna springi, kwa hivo ukimpima Hasbro sura iache, jaribu springi. Zungusha, achia, sikiliza. Akirudi kwa nguvu huyo mzima. Akirudi kivivu kama mtu alokula pilau la harusi, springi ishachoka, na bei yake ichoke vilevile.

Halafu kuna kundi la kampuni ya Jakks Pacific, la katikati ya miaka ya 90 mpaka 2009. Mengine ya zamani ukikunja goti unasikia kra kra kra, usiogope hujavunja kitu, yalitengenezwa makusudi yalie hivo na yaliuzwa kwa jina la Bone Crunching Action. Sura zake za mwanzo mbaya sana, nasema kwa mapenzi, kuna wengine mpaka usome jina kwenye boksi ndo umjue.

Kuanzia 2010 kazi imechukuliwa na kampuni ya Mattel, na ukiona viungo kila pahala basi huenda ndo hawa. Wako wa daraja tatu unazokutana nazo sana: Basic, ndo wa rahisi viungo vichache, Elite, ambao tumbo linakunjika na goti lina kiungo mara mbili na wanakuja na koti au mkanda au kofia, na Ultimate Edition walotoka 2019, hao kiko cha mkono nacho kina kiungo mara mbili na unapewa vichwa na viganja vya kubadilisha. Ukimtaka wa kumpanga kwenye kabati la vioo mtafute Elite. Ultimate ni mzuri mno lakini hivo viganja vya ziada, ukiwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani, utavikuta pahala ambapo sitoandika hapa gazetini.

Sasa feki. Watu wanasema ukiona mwili mmoja una vichwa tafauti basi ni feki, si kweli, hata Mattel wenyewe wanatumia kifua kile kile kwa watu watano, kutengeneza kalibu ni ghali. Na ndo mana mwaka ulochapwa mwilini usiushike sana, huo ni mwaka wa kalibu, mdoli wenyewe unaweza kuwa umetoka miaka mingi baadae. Feki utaijua kwa mkono: nyepesi, ndani tupu kama chupa ya maji, mshono wa plastiki unakukwaruza ubavuni, tatuu ni stika unaibandua kwa kucha, na mwilini hamna maandishi ya WWE wala ya kampuni. Kipimo changu cha mwisho ni kimo. Kampuni yenyewe inajua kama Rey Mysterio ni mfupi na Undertaker ni mrefu, waweke bega kwa bega Rey anamfikia Undertaker kifuani huko, lakini zile seti za ulingo zinazotandikwa chini sikukuu wote kimo kimoja kama wanafunzi waloshonewa sare na fundi mmoja. Nnazo seti mbili na nnazipenda, lakini si orijino.

Huyo Undertaker wako ulosema mkono hauendi usimlazimishe! Mtie kwenye maji ya moto ya kawaida ya kuogea dakika mbili tatu, plastiki ilainike, halafu zungusha pole pole. Kama ni Hasbro usimtie majini kabisa, maji yataingia kwenye springi itashika kutu. Huyo mpulizie mashine ya kukaushia nywele ya dada yako, kwa mbali.

SUALI: Mwanangu kaacha midoli yake kwenye mfuko wa nailoni tangu mwaka juzi, leo tumeifungua inanata kama halua, na ile myeupe imegeuka njano. Nimwagie jik? (Mama wa watoto watatu, Mwanakwerekwe)

JIBU: Usimwagie jik mama, wala spiriti, wala ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, hiyo ya mwisho itaondoka na uso wote. Kunata kwenyewe si uchafu. Plastiki laini inatiwa mafuta fulani ndani yake ili iwe laini, na kwa joto letu hili na ukiifungia kwenye nailoni pasi na hewa yale mafuta yanatoka nje yanakaa juu ya ngozi yake. Chukua maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa meno, sugua kidogo kidogo, suuza, anika kivulini. Kivulini, nasisitiza, mana naujua mkono wetu, kitu kikirowa tu kishafika juani. Kunata kutarudi baada ya miezi, utaosha tena.

Njano haitoki kirahisi, hiyo ni kazi ya jua na umri. Kuanzia sasa tia kwenye boksi la karatasi lenye matundu, funga kila mdoli kwa kitambaa cha pamba, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, vitie humo, vinakula unyevu. Sisi tunaokaa karibu na pwani chumvi inaingia mpaka ndani ya saa, sembuse springi ya mdoli.

SUALI: Nimemuona Kamala kwenye picha za midoli ya zamani, ameandikwa ni jitu kutoka Uganda. Ni kweli alikuwa jirani yetu? Na kwa nini watu wanamtafuta hivo? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Jirani wapi yakhe! Kamala jina lake James Harris, mtu wa Mississippi huko Marekani, alofariki 2020. Wakamvisha ngozi, wakampaka nyota kifuani, wakamwambia asiseme neno, wakatangaza katoka Uganda. Sisi wadogo tulokuwa tukiangalia kwenye kaseti za video tukikaa kwenye jamvi kwa jirani tuliamini kabisa, na kuna mzee mmoja pale barzani alisema Waganda anawajua na huyu si Muganda, tukamcheka. Namuomba radhi leo.

Kwenye midoli, Kamala wa Hasbro wa kawaida ana nyota tumboni. Kuna wachache sana wenye mwezi badala ya nyota, na hao ndo wanaowatoa watu roho, katika Hasbro zote hakuna anaesakwa zaidi. Nyota na mwezi tu, mtu anauza gari. Kama mdoli nnauhukumu hivi: anasimama imara kama gogo, miguu peku mipana, tumbo limechongwa vizuri, lakini kila nikimshika nnaona ile hadithi walomvisha na sina raha nae. Yuko kabatini kwangu, kaangalia ukutani.

Ukitaka Muafrika wa kweli mtafute Kofi Kingston, huyo kazaliwa Ghana, ingawa nae mwanzo walimtangaza eti Mjamaika, hawa watu hawatosheki. Aprili 2019 kwenye WrestleMania 35, lile onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, alimshinda Daniel Bryan akachukua mkanda mkubwa wa WWE. Elite za Kofi zina kiuno chepesi na miguu inapanda juu, unaweza kumpanga anaruka. Kusimama kwa mguu mmoja hawezi, nimejaribu jioni nzima.

SUALI: Nipo fomu 3 hapa Unguja, nnataka kuanza kuhakiki midoli kwa kurekodi na simu. Niseme nini? (Mwanafunzi, Fuoni)

JIBU: Usianze kwa kusoma maandishi ya boksi, kila mtu anajua kusoma. Na usiseme "mzuri sana" mara kumi na tano. Sema kitu ulichokiona wewe kwa sababu umekishika. Mfano nakupa wa Undertaker wangu, Elite, mwenye koti na kofia: kofia inakaa sawasawa lakini ukimgeuza kichwa inagonga kola ya koti na kuanguka, kwa hivo anaweza kutazama mbele tu kama mtu aloshikwa na shingo. Koti la kitambaa limeshonwa kubwa mabegani, mikono hainyanyuki juu ya kifua akilivaa. Uso umechapwa kwa mashine kama picha, kwa mbali utasema anapumua, ukimsogeza karibu na jicho unaona vitone vidogo vidogo. Kifundo cha mguu wa kulia kimelegea. Anasimama, lakini anasimama kama mtu alokuwa na safari ya pikipiki ya masaa manne. Umeona? Hapo msikilizaji ashajua kama amnunue au asimnunue, na sijamwambia neno zuri wala baya.

Mwanga tumia wa dirishani asubuhi, wa taa unazigeuza sura zote njano. Na funga mlango, jogoo wa jirani hana adabu.

SUALI: Bibi yangu anasema sanamu hizi ndani ya nyumba malaika hawaingii. Nifanyeje? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Hilo kamuulize sheikh wa msikiti wako, mimi naishia kwenye plastiki. Ila chumba bibi anachosalia usiviweke humo, hata uambiwe nini, ni adabu tu.

SUALI: Kuna muuzaji Darajani ana John Cena wa Elite, hana boksi, hana mkanda, mkono mmoja unaning'inia. Anataka elfu 40, ati kwa sababu Cena kastaafu. Ninunue? (Baba wa mtoto mmoja, Kiembesamaki)

JIBU: Cena kweli kastaafu, Disemba 2025, lakini midoli yake imetengenezwa mingi mno miaka yote hii, hata akistaafu mara tatu haitoadimika. Mkono unaoning'inia unatengenezeka, tia tone la rangi ya kucha ile isokuwa na rangi ndani ya kiungo, chezesha kidogo isigande, acha ikauke usiku kucha, utashika. Lakini hiyo ni siri yako, muuzaji usimwambie. Kwanza mwambie amsimamishe juu ya meza yake mbele yako. Akianguka mpe elfu 12, akisimama mpe 15, akikataa ondoka pole pole kuelekea upande wa soko la samaki, atakwita kabla hujaanza kusikia harufu.