Baki ni 2 kila mara: je, namba hii ni tasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina namba 4,294,967,297, yaani 2 kipeo cha 32, jumlisha 1. Nimeigawanya kwa 3, kwa 5 na kwa 17, na mara zote imebaki 2. Nimejaribu namba tasa zote zilizo chini ya 100, hakuna iliyoigawanya bila baki. Niseme ni tasa? Na hiyo 2 inayojirudia ni bahati tu?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri sana kuandika mabaki, kwa sababu hiyo 2 si bahati. Iondoe kwenye namba yako, unapata 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Gawanya kwa yoyote kati ya hizo tano, lazima ibaki 2.

Tasa, hapana. Kuishia 100 hakutoshi: chini ya 65,536, ambayo ni kama kipeuo cha pili cha namba yako, kuna namba tasa 6,542, na kigawo kinaweza kujificha popote humo. Ila usizijaribu zote. Tuseme p ni namba tasa inayoigawanya namba yako. Basi 2 kipeo cha 32, ukiigawanya kwa p, imepungua 1 tu kufikia mgawanyo kamili. Baki lake ni sawa na −1. Zidisha hiyo kwa yenyewe: 2 kipeo cha 64 inabakiza 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofanya hivyo. Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliandika kwamba 2 kipeo cha p − 1 nayo hubakiza 1. Kwa hiyo 64 lazima iigawanye p − 1.

Hapo ndipo msitu wote unapofyekwa. Namba tasa za kwanza zinazozidi kigawe cha 64 kwa 1 ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ile 257 umeshaiondoa kwa baki lako la 2. Zimebaki nne. Mimi nilizifanya kwa penseli: 193 ikabakiza 109, 449 ikabakiza 325, 577 ikabakiza 288. Nilipofika 641 nikapata sifuri, nikarudia hesabu mara tatu kwa furaha.

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Euler, mwanahisabati Mswisi, ndiye aliyekipata kigawo hicho, mwaka 1732. Fermat aliamini namba hii ni tasa, kama zilivyo 3, 5, 17, 257 na 65,537 zilizoitangulia. Huwa inanisikitisha kila ninapokumbuka kwamba kanuni niliyoitumia hapa aliiandika yeye mwenyewe mwaka 1640, miaka ileile ya dai lake. Migawanyo minne tu!

Sasa ithibitishe 6,700,417. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na vigawo vyake navyo lazima vizidi kigawe cha 64 kwa 1. Kuanzia 641, za kujaribu ni saba: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Niandikie mabaki yote saba.