Kabla hujawasha mashine, lowesha kitambaa
Kama unamuuguza mtu aliyepata kiharusi na mmepewa mashine ya kusisimua misuli yenye elektrodi za kitambaa, yaani vipande vinavyopitisha umeme hadi kwenye ngozi, anza na maji. Nayasema haya kwa sababu ya baba, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuta, kila hatua vidole vinakwaruza sakafu.

Tiba yenyewe ni ya siku nyingi. Liberson na wenzake huko Marekani waliieleza mwaka 1961: unasisimua kwa umeme neva ya misuli inayonyanyua wayo pale mgonjwa anapopiga hatua, wayo unanyanyuka. Kwetu kigeni kilikuwa mkanda wa kuvaa chini ya goti, elektrodi zake zimefumwa kwa nyuzi za nailoni zilizopakwa madini ya fedha. Zile za jeli, kwa jasho la Dar es Salaam, zilikuwa zinashika vumbi na kubanduka kingo.

Kitambaa kikiwa kikavu, umeme hupenya sehemu chache tu zinazogusa ngozi, na hapo mgonjwa atalalamika anachomwa sindano. Kiloweshe chote, ila kisichuruzike: maji yakiunganisha elektrodi mbili, umeme utakatiza juu ya ngozi na msuli utaukosa. Zoezi likiwa refu, lowesha tena. Mguu usipakwe mafuta kabla, ya nazi wala ya mgando. Mama hakupenda kuona mguu wa mumewe umepauka, basi tukakubaliana apakwe baada ya zoezi.

Halafu mahali. Neva hiyo hupita karibu sana na ngozi, upande wa nje, chini kidogo ya kile kifundo cha mfupa pembeni mwa goti. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuchoree alama kwa kalamu. Mkanda ukisogea kidogo tu, wayo unaweza kupinda pembeni badala ya kunyanyuka. Kwa hiyo macho yawe kwenye wayo, si kwenye namba za mashine.

Msuli unaoendeshwa na umeme huchoka upesi. Wayo ukianza kunyanyuka kwa uzito, mpumzishe, usiongeze umeme. Mkimaliza kagua ngozi, hasa kama ana kisukari au ganzi, maana anaweza kuungua asisikie. Mwenye pesimeka, kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, asivalishwe kabla daktari wake wa moyo hajaruhusu.

Kufua ni kwa mkono, sabuni laini, kuanika kivulini. Dawa ya madoa yenye klorini isikiguse, inaharibu ile fedha iliyopakwa kwenye nyuzi. Siku ukiona umelowesha vizuri, alama ni ileile, na bado unalazimika kupandisha umeme kuliko zamani, nyuzi zimechakaa. Omba mkanda mwingine.