Mawese, unene na saratani ya titi: jibu kwa msomaji wa Kasulu

Msomaji mmoja wa Kasulu ameniandikia kwamba, tangu mama yake mdogo agundulike kuwa na saratani ya titi, ndugu wamemshauri aachane kabisa na mawese, naye ameshamwaga dumu zima na kuacha kupika sombe, yaani kisamvu. Anauliza kama amefanya vema. Namjibu hadharani kwa sababu maneno hayo nimeyasikia nyumbani kwetu Ujiji, na yamenikaa rohoni.

Dada yangu mkubwa alipopata uvimbe kwenye titi la kushoto, wakubwa wa ukoo walikaa kikao wakakubaliana kwamba chanzo ni mawese. Akaanza kupikiwa dagaa wa kuchemsha bila tone la mafuta, na kila aliyetaja hospitali aliambiwa asubiri mwili usafike kwanza. Uvimbe haukusubiri. Ngozi ya titi ilikunjamana kama ganda la chungwa, na alipofikishwa kwa daktari ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Matanga hayajaanuliwa, wifi yetu mmoja, huku akinawa mikono kwa ajili ya chakula, alisema kwamba marehemu alipenda mno mafuta. Sijamsamehe, nami siandiki haya ili nionekane nimemsamehe.

Dhana yenyewe haikuanzia Ujiji. Katika miaka ya 1970 wataalamu walilinganisha nchi mbalimbali, wakaona kwamba kule watu wanakokula mafuta mengi ndiko wanawake wengi zaidi wanakokufa kwa saratani ya titi. Lakini nchi hizo zilitofautiana pia kwa utajiri, unene, pombe na idadi ya watoto. Mwaka 2006 yalitolewa Marekani matokeo ya jaribio la wanawake 48,835 waliokwishakoma hedhi, ambao baadhi yao walielekezwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Baada ya miaka 8 hivi, waliougua katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 9 tu, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati. Ufuatiliaji wa takriban miaka 20 ulionyesha vifo vya saratani hiyo vikiwa pungufu kwa asilimia 21, ila wanawake hao walikuwa wamebadilisha mlo mzima, si mafuta peke yake.

Jambo lenye ushahidi mzito zaidi ni unene baada ya kukoma hedhi. Ovari zikishapumzika, mafuta ya mwilini ndiyo yanayogeuka kiwanda kikuu cha estrojeni, homoni inayochochea aina nyingi za saratani ya titi. Mafuta ya kula huingia hapo kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa gramu moja ina kilokalori 9 wakati gramu ya wanga ina 4, na ugali wa muhogo ulioloweshwa mchuzi wa mawese hunenepesha upesi.

Mimi sikuyaacha mawese, nimeyapima. Sombe yangu hupata vijiko badala ya kikombe, samaki wa mgebuka namchoma, na kila asubuhi natembea kwa miguu kuelekea Mwanga hadi jasho linitoke. Magauni niliyoyafungia sandukuni sasa yananienea, na wanaonicheka njiani waendelee kucheka.

Nyinyi mnaokataa mawese jikoni kisha mkamaliza chupa za bia Jumamosi, mnajidanganya: pombe, hata kidogo, huongeza hatari ya saratani ya titi. Pimeni mafuta, tembeeni, acheni pombe, na anayenyonyesha asiharakishe kuacha, kwani kunyonyesha hupunguza hatari hiyo. Nasema tena, tembeeni.

Wewe wa Kasulu, nunua mawese mengine, upike kwa kiasi. Mama mdogo asicheleweshwe matibabu kwa ajili ya mlo wowote, na nawe umweleze daktari kwamba ugonjwa huu umo katika ukoo wenu. Ukigusa uvimbe, ukaona chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda wiki hiyo hiyo, uombe kipimo cha kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya titi, hata kama husikii maumivu, na usiitishe kikao cha ukoo kabla ya kwenda.