Maswali na Majibu: Uongo wa Wakubwa na Wanaoujua Wakanyamaza

Obama si alizaliwa Kogelo? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Alizaliwa Honolulu, Hawaii, 4 Agosti 1961, na cheti kamili kilitolewa hadharani Aprili 2011. Kogelo ni kwao baba yake. Nimechoka na swali hili. Uvumi huo, kwamba hakuzaliwa Marekani na hivyo hastahili urais, ndio Donald Trump alioupigia debe miaka mitano, hadi Septemba 2016 alipokiri kuwa si kweli. Mkenya anayeusambaza kwa fahari anawafanyia kazi waliotaka kumdhalilisha mtoto wa Mkenya.

Rais Nixon alijiuzulu kwa Watergate, kashfa ya watu wake kuvunja ofisi za chama cha Democratic na yeye kuificha. Mbona Trump alirudi Ikulu akiwa amepatikana na hatia kwa makosa 34? (Msomaji, Dodoma)

Msidhani Wamarekani wa 1974 walikuwa waadilifu zaidi. Nixon alishinda majimbo 49 mwaka 1972, na hata siku anaondoka karibu robo ya wananchi walikuwa bado naye. Kanda zilizorekodiwa ofisini mwake zilimuumbua, lakini waliomalizia ni wazee wa chama chake. Tarehe 7 Agosti 1974 Seneta Barry Goldwater na wenzake wawili walimwendea wakamwambia kura za kumwokoa hazipo. Kesho yake akatangaza kujiuzulu.

Sasa tazama 2020. Trump alidai ameibiwa uchaguzi, ilhali alipata kura 232 za wajumbe wanaomchagua rais, Biden 306. Akaenda mahakamani mara kadhaa wa kadhaa akashindwa, nyingine mbele ya majaji aliowateua mwenyewe. Wakubwa wa Republican, chama chake, walijua kuwa ameshindwa. Baada ya wafuasi wake kuvamia Bunge la Marekani Januari 6, 2021, wabunge 10 wa chama hicho katika Baraza la Wawakilishi walipiga kura ashtakiwe; uchaguzi wa 2022 ulipopita, walikuwa wamebaki wawili. Mmoja wao, Liz Cheney, aliangushwa kwenye mchujo wa chama jimboni Wyoming. Wengine wakaona yaliyompata, wakafunga midomo. Hao nawalaumu kabla ya mpiga kura. Yeye alidanganywa, wao walikuwa na ukweli mkononi.

Kwa hiyo wafuasi wake ni wajinga? (Msomaji, Muscat)

Tuacheni matusi. Mtu wa Ohio aliyeona viwanda vikifungwa huku vyama vyote viwili vikimwahidi kazi ana haki ya kukasirika. Wengi wanajua kiongozi wao hasemi kweli, ila wanasema ni mtu wetu. Hapo ndipo ninapoogopa, maana kiongozi wa namna hiyo hadaiwi tena ukweli na yeyote.

Democratic je, ni malaika? (Msomaji, Minneapolis)

Hata kidogo. Januari 1998 Rais Bill Clinton wa chama hicho alikana mbele ya kamera uhusiano wake wa kimapenzi na Monica Lewinsky, mwanagenzi wa Ikulu, na ukweli ulipotoka chama kikamkingia kifua. Mwaka 2024 wakubwa wa chama walituhakikishia kuwa Biden yu imara, mpaka mdahalo wa Juni ukawaumbua. Ni ukimya uleule.

Kuna aliyelipia uongo wa 2020? (Msomaji, Bukavu)

Televisheni ya Fox News iliilipa Dominion, kampuni ya mashine za kura iliyosingiziwa kuiba kura, dola milioni 787.5 mwaka 2023. Ujumbe wa ndani uliofichuliwa kwenye kesi ulionyesha watangazaji wake wakubwa hawakuyaamini madai yaliyokuwa yakirushwa hewani.